Namba zinazoshuka Uluguru: kutoka kitabu cha MTUHA hadi JavaScript

Nimekuwa kimya wiki kama tatu hivi, mnisamehe sana. Kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe: leo uko bungeni Dodoma, kesho uko kwenye ajali barabarani, keshokutwa mhariri anataka makala ya ukurasa mzima kabla ya saa kumi. Lakini wikiendi iliyopita nilipata nafasi ya kwenda nyumbani Morogoro, na nimerudi na jambo ambalo halitoki kichwani. Nimeona niliandike hapa, maana gazetini lisingeenea.

Nilipanda mlimani kumsalimia mama mdogo. Wasioijua Morogoro, ule mji kasoro bahari, umelala chini ya milima ya Uluguru. Ukisimama stendi ukainua macho unaiona minara ya mawasiliano imesimama juu ya kilele cha Bondwa. Utasema watu wa mlimani wana raha ya mtandao kuliko sisi wa Dar! Kumbe minara hiyo inaangalia mjini. Nenda upande wa pili wa milima, kwenye mabonde yanayoshuka kuelekea Mto Ruvu, halafu toa simu yako mfukoni uone.

Huko ndiko mama mdogo anakofanya kazi. Ni muuguzi wa zahanati, na zahanati yenyewe sitaitaja, sababu mtaielewa mbele ya safari. Bodaboda inakufikisha mpaka kwenye daraja la miti, kutoka hapo ni miguu yako. Nilipofika sikumkuta. Mtoto wa jirani akanielekeza kwa kidole: "Yuko kwenye jiwe."

Jiwe gani? Jiwe la mtandao. Kila kijiji cha milimani kina la kwake, kama si jiwe basi ni mti au kona ya njia, mahali ambapo simu inapata vijistari viwili. Nikamkuta amekaa juu yake, kanga kichwani kwa sababu ya manyunyu, mkononi ana kishikwambi alichokifunika kwa mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza, usinisemeshe, inazunguka."

Nikachungulia. Kiduara kilikuwa kinazunguka katikati ya kioo. Alikuwa anatuma taarifa ya mwezi ya zahanati kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni, na ilikuwa mara ya tatu kuziingiza namba zilezile. Tukakaa kimya wote wawili tukikiangalia kiduara. Kikazunguka, kikazunguka... halafu ukurasa ukawa mweupe. Namba zote zimefutika. Wagonjwa wa malaria, wajawazito waliohudhuria, watoto waliochanjwa, mwezi mzima wa kazi yake umepotea kama maji ya moto jikoni.

Hakulaani wala hakulalamika. Akakiweka kishikwambi ndani ya mkoba, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada lililochakaa. "Hiki," akasema, "hakijawahi kunisahau."

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Imekuwaje daftari la miaka ya 1990 likamshinda mtoto wa teknolojia ya leo? Nikaanza kurudi nyuma, na historia niliyoikuta imenishangaza, kwa sababu Morogoro yetu imo ndani yake tena si kwa bahati mbaya.

Tuanze na kitabu. MTUHA ni kifupi cha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioingia nchini katika miaka ya 1990. Ni mfululizo wa vitabu vyenye namba. Namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, namba 7 ni cha watoto. Kila anayehudumiwa anaandikwa mstari wake. Mwisho wa mwezi muuguzi anakaa chini anahesabu: wangapi wenye malaria chini ya miaka 5, wangapi wa kuhara, wangapi wamepewa rufaa. Mwaka 2009 nikiwa darasa la sita nilikuwa natumwa likizo kwa mama mdogo, na kazi yangu ilikuwa kushika kikokotoo. Yeye anasoma, mimi najumlisha. Tukikosea tunaanza upya, na taa ya chemli inavuta moshi. Baada ya hapo fomu inakunjwa, inapelekwa wilayani kwa mkono.

Nilidhani ni karatasi tu za serikali. Sikujua kuwa kwenye milima hiyohiyo namba za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuokoa watu.

Mnamo mwaka 1992 ulianza mradi wa kuhesabu vifo na sababu zake katika sehemu tatu za nchi: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wahesabuji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakauliza nani amefariki, aliumwa nini, dalili zilikuwaje. Baadaye katika muongo huohuo Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada liitwalo IDRC, ikaanzisha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji. Wakachukua hesabu za magonjwa wakaziweka kando ya hesabu za fedha. Waliyoyaona yanatia aibu. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyokuwa inapotea kwa watu kufa mapema. Katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 malaria ilipewa asilimia 5.

Soma tena hapo. Asilimia 30 ya msiba, asilimia 5 ya fedha.

Haikuwa wizi. Ni kwamba waliopanga bajeti hawakuwa na namna ya kuona. Kwa hiyo TEHIP ikawapa programu ndogo za kompyuta zilizogeuza makaratasi kuwa michoro, ili timu ya afya ya wilaya ikae mezani na kuona kwa macho ugonjwa gani unaua na fedha inakwenda wapi. Wakagawa upya. Nyongeza ya fedha iliyotumika ilikuwa chini ya dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wataalamu wamejadili ni sehemu gani hasa ya mafanikio hayo iletwe kwenye mlango wa mradi, lakini somo lenyewe lilisafiri dunia nzima: ukiona vizuri, shilingi yako inakwenda mbali.

Lakini programu zile zilikaa kwenye kompyuta ya mezani, ofisini. Asiyekuwa kwenye ofisi hiyo hakuona kitu. Ili kila wilaya ya nchi ione, na ione mwezi huuhuu si mwaka kesho, ilibidi kitu kingine kabisa kizaliwe, na kilikuwa kinazaliwa mbali sana na Uluguru.

Wavuti ilitoka hadharani mwaka 1991, kazi ya Tim Berners-Lee pale CERN, Uswisi. Ilikusudiwa kusomea makaratasi: unafungua ukurasa, unasoma, unabonyeza kiungo, unaletewa ukurasa mwingine. Chuoni nilikaa chumba kimoja na jamaa aliyekuwa anasoma kompyuta, na yeye alinieleza hivi. Chukulia unaishi mlimani na duka liko Morogoro mjini. Ukitaka chumvi, unashuka mjini, unarudi na chumvi. Ukigundua kibiriti kimekwisha, unashuka tena. Tena kila ukirudi unabomoa jiko lote na kulijenga upya ndipo upike! Ndivyo kurasa za zamani zilivyokuwa. Kila ukibonyeza, ombi linakwenda kwenye seva, na ukurasa mzima unarudi upya kutoka mwanzo.

Mei 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape, Marekani, akapewa kazi ya kutengeneza lugha ndogo ya programu itakayokaa ndani ya kivinjari, yaani ile programu unayofungulia tovuti. Toleo la kwanza alilikamilisha kwa siku 10. Siku 10 jamani, muda ambao hapa kwetu hautoshi hata kupata mhuri wa barua. Ikaitwa Mocha, ikageuzwa LiveScript, na Desemba ya mwaka huohuo ikapewa jina la JavaScript kwa sababu lugha ya Java ndiyo iliyokuwa inavuma. Zinafanana jina tu, undugu hakuna. Mwanzoni waungwana waliidharau, wakaiona ya kuchezesha maandishi na kufungua vidirisha vya matangazo.

Mwaka 1999 Microsoft, wakitengeneza barua pepe ya mtandaoni ya maofisini, wakaweka kwenye Internet Explorer 5 kitu kidogo kilichoruhusu ukurasa uombe data kutoka kwenye seva kimyakimya, bila kujifungua upya. Kwa mfano wetu, sasa huendi dukani mwenyewe. Unamtuma mtoto akalete chumvi tu, wewe unaendelea kukoroga. Gmail ikaja Aprili 2004, ramani za Google zikaja Februari 2005, watu wakaona ramani inavutwa kwa kipanya na haikatiki. Mwezi huohuo Jesse James Garrett akaandika makala akaipa mbinu hiyo jina la Ajax. Kuanzia hapo tovuti ikaacha kuwa karatasi, ikawa mashine ya kazi.

Kulikuwa na kero moja. Kila kivinjari kilikuwa na lafudhi yake. Ulichoandika kikakubali kwenye Firefox kiligoma kwenye Internet Explorer, na mtengenezaji wa tovuti alikesha akiandika kitu kilekile mara mbili. Dawa yake ikawa masanduku ya zana, yaani mafungu ya programu zilizokwisha kuandikwa ambazo unazibeba na kuzitumia badala ya kuchonga kila kitu mwenyewe. Mwaka 2005 zikavuma Prototype na Dojo. Mwaka 2006 John Resig akatoa jQuery, ndogo, nyepesi, ikibanwa ni kama kilobaiti 30, na hadi leo imo kwenye zaidi ya nusu ya tovuti zote. Mwaka huohuo Yahoo wakatoa YUI, na kutoka humo mwaka 2007 ikachipuka Ext JS, hodari wa majedwali na michoro ya maofisini.

Na huku kwetu? Afrika Mashariki hatukukaa tukitazama. Kenya ilipoingia kwenye machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh aliomba watu wa teknolojia wasaidie kuonyesha kwenye ramani yanayotokea. Januari 2008, ndani ya siku chache, Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao wakaisimamisha Ushahidi. Mwananchi anatuma taarifa, taarifa inakuwa nukta kwenye ramani. Ramani iliyokuwa inavutwa kwenye kivinjari, kazi ya JavaScript hiyohiyo, ikabeba jina la Kiswahili ambalo leo linajulikana dunia nzima.

Wakati huo bado tulikuwa tunapata intaneti kwa setilaiti, ghali na ya kusinzia. Julai 2009 ndipo mkongo wa SEACOM uliotua Dar es Salaam ulipoanza kazi, EASSy ukafuata 2010. Ndipo watu wa afya wakaanza kuota kwamba huenda wilaya zote zikaandika kwenye kitabu kimoja, mtandaoni.

Kitabu hicho kilikuwepo tayari. Kinaitwa DHIS2, na mizizi yake iko Afrika. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, watu wa afya wa Cape Town na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, walitengeneza programu ya kukusanya takwimu za wilaya, ili serikali mpya ijue waliobaguliwa wana hali gani. Kuanzia 2004 ikaanza kuandikwa upya kuwa programu ya wavuti, bure kwa yeyote. Sehemu ya kuingizia data ikategemea jQuery, michoro na ramani zikategemea Ext JS. Michoro iliyokuwa kwenye kompyuta moja ya mezani enzi za TEHIP sasa ikaweza kufunguka kwenye kivinjari cha yeyote mwenye ruhusa.

Mwaka 2011 Kenya ikaamua kuiweka DHIS2 nchi nzima kwa seva moja tu mtandaoni, ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Majaribio yalianza Mkoa wa Pwani, watu wa wilaya wakitumia modemu za mitandao ya simu. Sasa swali la wazi: modemu ikikatika katikati ya kazi itakuwaje? Hapa ndipo pananigusa, kwa sababu swali hilo liliulizwa MAPEMA, na likajibiwa kwa JavaScript.

Vivinjari vya wakati huo vilikuwa vimepata kitu kipya, ghala dogo ndani ya kivinjari chenyewe ambalo JavaScript inaweza kuwekea vitu. Watengenezaji wa DHIS2 wakalitumia. Fomu inashushwa mara moja, inakaa kwenye kompyuta yako. Unaandika namba, mtandao unakatika, unaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea, na kila namba inaingia ghalani. Mtandao ukirudi, ukurasa unakuambia una data ambayo haijapelekwa, bonyeza hapa ipelekwe. Basi. Kwa mfano wetu wa chumvi, sasa unalo gunia zima nyumbani, na mvua ikiharibu njia bado utakula.

Tanzania tukafuata, kwa mchango mkubwa wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kufikia mwisho wa 2013 mfumo ulikuwa umeenea mikoa ya Bara. Fomu ya mama mdogo ikawa inashushwa kwa karatasi kama zamani, lakini ikifika wilayani inaingizwa kwenye kompyuta, na wizarani wanaiona. Vijana wa UDSM hawakuishia kutumia. Wameandika programu zao za nyongeza juu ya DHIS2, ikiwemo ile ya kadi ya alama inayopaka rangi nyekundu, njano na kijani kwa kila wilaya. Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70. Hii ni historia ya kujivunia na sijui kwa nini hatuifundishi shuleni.

Sasa turudi kwenye jiwe.

Kama jibu lilipatikana mwaka 2011, kwa nini mama mdogo amepoteza namba zake mwaka huu? Mfumo uliomwangusha sio huo niliousimulia, na jina lake naliacha. Lakini nilimpigia yule mwenzangu wa chuo, siku hizi anatengeneza programu za wavuti Dar, nikamweleza nilichokiona. Akacheka, halafu akanyamaza. Akasema tatizo limeanzia kwenye neema.

Baada ya jQuery, masanduku ya zana yalikua yakawa karakana. AngularJS ikaja 2010, React ya Facebook ikatoka hadharani 2013, Vue 2014. Zana hizi haziongezei ukurasa pambo tu, zinaujenga ukurasa mzima ndani ya kivinjari chako. Ni zana nzuri mno. Kijana mmoja leo anafanya kwa wiki kazi ya timu ya miezi. Lakini ili ukurasa ujengwe nyumbani kwako, mafundi na matofali yote lazima yasafirishwe kwanza. Ukurasa wa kawaida wa wavuti leo umezidi megabaiti 2. Ukiwa Masaki au Mikocheni huoni hata. Ukiwa kwenye jiwe lenye vijistari viwili, unaona kiduara.

"Na ghala?" nikamuuliza. "Lile la kuhifadhi namba mtandao ukikatika?"

"Lipo kwenye kila kivinjari," akasema. "Na kuanzia 2015 hivi kuna kitu bora zaidi, programu ndogo inayokaa mlangoni mwa kivinjari, inaweza kufungua ukurasa wako hata mtandao haupo kabisa. Kuhifadhi fomu isipotee ni mistari michache, kazi ya mchana mmoja. Ila hakuna mtu anayekuambia uiweke. Unajaribu mfumo ofisini kwenye faiba, unafanya kazi vizuri, unalipwa."

Nisimwonee. Alinieleza pia kuwa kuhifadhi ni rahisi, kupatanisha ndiko kugumu. Watu wawili wakirekebisha taarifa ileile wakiwa nje ya mtandao, nani aaminiwe? Kishikwambi kikiibiwa na ndani yake kuna majina ya wagonjwa, itakuwaje? Mtu akifuta kumbukumbu za kivinjari ili apate nafasi ya picha, namba zinakwenda nazo. Haya ni maswali ya kweli na yanahitaji watu waliosoma. Lakini hakuna hata moja linalohalalisha ukurasa kuwa mweupe mbele ya muuguzi aliyetembea na mvua.

Nilipokuwa namsikiliza nilikumbuka kisa kingine cha Uluguru ambacho wazee wetu hawajakisahau. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya mkoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa milima hii. Wataalamu wakaamua Waluguru wachimbe matuta ya ngazi mashambani mwao, kwa lazima. Kwenye vitabu matuta ni jambo zuri. Lakini udongo wa sehemu nyingi za Uluguru ni mwembamba, ukichimba ngazi unafukua udongo mbovu wa chini, na mazao yanadumaa. Walioishi mlimani walilijua hilo, hakuna aliyewauliza. Julai 1955 pale Matombo watu wakakusanyika kukataa, polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Silinganishi kiduara na risasi, mnielewe. Ninachosema ni kwamba mlima huu umeshapokea vifaa vilivyojaribiwa sehemu tambarare. Waliotengeneza ghala la DHIS2 walikaa na watu wenye modemu mbovu kabla ya kuandika mstari wa mwisho. Waliotengeneza mfumo wa mama mdogo, kwa ninavyoona, hawajawahi kufika kwenye jiwe. JavaScript ni ileile. Tofauti ni nani aliulizwa.

Na hapa tusilete utani, kwa sababu namba hizi zina kazi. Dawa ya mseto inaagizwa kwa kuangalia matumizi, na matumizi yanatoka kwenye taarifa. Zahanati isiyotuma taarifa kwenye mchoro wa mjini haionekani kama zahanati yenye shida. Inaonekana tupu. Kwenye kompyuta ya mjini ukimya na afya njema vinafanana, na tukiuzoea ukimya huo tutarudi palepale pa mwaka 1996, asilimia 30 ya msiba na asilimia 5 ya fedha, safari hii tukiwa na michoro ya rangi nzuri.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa, na najua wengi wenu mnaandika programu au mnasimamia wanaoandika, nina ombi dogo. Kabla hujasema mfumo wako umekamilika, fungua fomu yako, jaza nusu, halafu zima mtandao. Subiri dakika moja, washa tena. Kama ulichojaza hakipo, hujamaliza kazi. Na nyie mnaoandika zabuni za serikali na za mashirika, ongezeni mstari mmoja kwenye masharti: mfumo usipoteze alichoandika mtu mtandao ukikatika. Mstari mmoja tu.

Jioni ile tulikaa jikoni kwa mama mdogo, tukafanya kama tulivyofanya nikiwa darasa la sita. Yeye akasoma kitabu namba 5, mimi nikajumlisha, safari hii kwa kikokotoo cha simu na taa ya sola. Tulikosea mara moja tukaanza upya. Akajaza fomu ya karatasi, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye nailoni ileile iliyokuwa imefunika kishikwambi.

Asubuhi nikashuka nayo ndani ya begi langu mpaka wilayani. Kijana wa takwimu akaipokea, akaifungua mbele yangu, akaanza kuingiza. Katikati ya kazi mtandao wa ofisi ukakatika. Yeye hakuinua hata kichwa, akaendelea kuandika.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.